Kurudi Kwenye Kitabu: Mwongozo Kamili kwa Aliyezoea Kioo cha Simu

Unakaa, unafungua kitabu ulichokuwa umekiwekea hamu. Aya ya kwanza inapita. Ya pili unairudia. Kabla hujamaliza ya tatu mkono umeshafika kwenye simu, na ukiulizwa ulikuwa unafuata nini huna jibu. Dakika 20 baadaye kitabu kimelala kifudifudi kifuani, wewe unatazama video ya mtu usiyemjua akipaka ukuta rangi.

Hayo yalinikuta mimi, niliyekuwa nikimaliza riwaya nene kwa siku mbili na kuziona siku zenyewe fupi. Kwa muda mrefu nilijiambia nimekuwa mvivu, au umri umenipita, au vitabu vya siku hizi havina utamu. Kumbe nilichopoteza ni pumzi. Mtu aliyefungwa plasta mguuni kwa miezi kadhaa hajilaumu kwa kukosa nidhamu. Anajua msuli umesinyaa, basi anaanza na hatua chache, kitandani hadi mlangoni. Msomaji aliyepotea ni hivyo hivyo. Mwongozo huu ni wa kurudisha pumzi kwanza, utamu baadaye. Nimeupanga hivyo kwa sababu hakuna anayefurahia mandhari ya mlimani huku anahema.

Kabla ya kuanza: nini hasa kimetokea

Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, kwa miaka mingi amekuwa akipima ni kwa muda gani mtu hutulia kwenye jambo moja akiwa mbele ya skrini kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 ilikuwa kama dakika mbili na nusu. Kufikia 2012 ikawa sekunde 75. Katika vipimo vya miaka ya karibuni imekuwa kama sekunde 47.

Sasa weka namba hiyo kando ya kitabu. Mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hupita maneno 240 hivi kwa dakika. (Kwa Kiswahili idadi ni ndogo zaidi, na usishtuke: “hawakutuambia” kwetu ni neno moja, ilhali kwa wenzetu ni sentensi.) Ukurasa mmoja wa riwaya, kwa lugha yoyote, hula dakika moja au zaidi. Yaani ukurasa mmoja tu ni mrefu kuliko muda ambao wengi tumezoea kutulia. Ndiyo maana mkono huenda mfukoni katikati ya ukurasa, wala si mwishoni.

Jingine ni kwamba kitabu kina kingo. Ukurasa unaisha, sura inaisha, unapata mahali pa kuvuta pumzi na kuamua kama utaendelea. Mwaka 2006 mbunifu wa kurasa za intaneti, Aza Raskin, alibuni namna ya kufanya ukurasa wa intaneti ujiongeze wenyewe kila unaposhuka chini, usifike mwisho. Miaka baadaye alijuta hadharani. Anayeperuzi haamui kuendelea. Anaendelea tu mpaka kitu kingine kimtoe.

Kuna habari njema pia. Maryanne Wolf, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi ubongo unavyosoma, aliwahi kueleza kwamba alijaribu kuirudia riwaya aliyoipenda ujanani, akashindwa. Sentensi zilimwonekea ndefu, hadithi nzito, macho yake yalikuwa yakiruka juu juu. Akajipangia dakika 20 kwa siku, na baada ya kama wiki mbili akajiona amerudi. Ikiwa bingwa wa kusoma naye aliishiwa pumzi, basi wewe na mimi tusione haya.

Hatua ya kwanza: kagua macho

Hatua hii watu huiruka, na wako waliohangaika miaka kumbe tatizo lilikuwa hapa. Karibu na umri wa miaka 40 lenzi ya jicho huanza kupoteza ulaini wake, na kuona vitu vya karibu kunakuwa kazi. Simu huificha hali hiyo kwa sababu mtu hukuza herufi bila kufikiri, tena kioo kina mwanga wake. Siku anapofungua kitabu cha karatasi chenye herufi ndogo, kichwa kinauma baada ya kurasa nne, naye anahitimisha kwamba vitabu vinamchosha.

Jipime hivi. Mchana, karibu na dirisha, shika kitabu umbali wa sentimita 40 hivi kutoka usoni, soma kurasa mbili. Ukijikuta unakisukuma mbali, unakunja uso, au mistari inaingiliana, nenda kwa mtaalamu wa macho kabla ya kuendelea na hatua nyingine yoyote. Miwani ya kusomea inaweza kumrudishia mtu vitabu kwa siku moja.

Macho makavu nayo yahesabu. Tukitazama skrini tunapepesa kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo ukitoka kazini kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kitabuni, macho yako yameshakauka. Yapumzishe robo saa. Tembea, osha vyombo, tazama mbali.

Kuhusu taa, neno moja: itoke nyuma ya bega na kuangukia ukurasa, isikupige usoni. Taa ya darini peke yake mara nyingi hukufanya ujitilie kivuli mwenyewe.

Hatua ya pili: pima pumzi yako

Usianze na lengo. Malengo ya “vitabu 50 mwaka huu” ndiyo yaliyowaua wasomaji wengi ninaowafahamu; hufika mwezi wa pili wakiwa na deni, na deni halisomeki kwa raha.

Badala yake, kwa siku tatu, fanya kipimo. Chukua kitabu chochote chepesi, penseli na kipande cha karatasi. Tazama saa, anza kusoma. Kila akili inapotoka nje ya ukurasa, chora mstari mdogo kwenye karatasi na urudi. Mistari itakapoanza kufuatana, mitatu ndani ya ukurasa mmoja, funga kitabu na uandike dakika zilizopita.

Mimi nilipata dakika sita. Niliona aibu, nikadhani saa imesimama. Lakini sita ndiyo ilikuwa kweli yangu, na kweli hiyo ilinisaidia kuliko azimio lolote nililowahi kuandika mwezi wa kwanza. Wastani wa siku zako tatu ndio pa kuanzia. Kama ni dakika nane, wiki ya kwanza soma dakika saba. Naam, pungufu. Unataka kufunga kitabu ukiwa bado una njaa nacho.

Hatua ya tatu: simu ilale chumba kingine

Kuigeuza kifudifudi hakutoshi. Kuizima sauti hakutoshi. Mwaka 2017 Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na wenzake waliwapa watu majaribio ya kufikiri huku simu za wengine zikiwa mezani, za wengine mfukoni au mkobani, za wengine chumba kingine. Zote zilikuwa kimya. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba kingine. Waliolirudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo usilichukue kama sheria. Lijaribu kwa siku mbili nyumbani kwako, moja simu ikiwa kando yako na moja ikiwa mbali, uhesabu ile mistari ya penseli. Mimi tofauti yangu haikuhitaji mtafiti.

Kazi ngumu hapa ni kujibu visingizio, maana kila kimoja kina ukweli ndani yake.

Simu ndiyo saa yangu ya kengele. Basi nunua saa ya kengele, ile ya mezani. Katika yote niliyowahi kununua kwa ajili ya kusoma, hiyo ndiyo iliyonifaa zaidi, na wala si kitabu. Simu isipolala kitandani kwako haitakuwa kitu cha kwanza kushikwa asubuhi, na asubuhi ndipo siku nyingi zinapotekwa.

Naweza kupigiwa kwa dharura. Kweli kabisa, hasa ukiwa na wazazi wazee au watoto mbali. Zima arifa zote, acha mlio wa kupigiwa tu, uuweke juu, kisha iache simu sebuleni au ukumbini. Dharura hupiga. Picha za harusi ya mtu huweza kusubiri.

Nahitaji kutafuta maana ya neno. Hiki ndicho kisingizio kijanja kuliko vyote, kwa sababu kinajivika kanzu ya elimu. Unaingia kutafuta neno moja, unatoka baada ya nusu saa umesahau neno lenyewe. Andika maneno magumu kwenye karatasi yako, yatafute yote kwa pamoja ukimaliza. Utagundua kwamba mengi uliyaelewa yenyewe kurasa mbili mbele. Kama riwaya yako ina maneno kumi magumu kila ukurasa, huhitaji simu. Unahitaji riwaya nyingine kwa sasa.

Nataka kupiga picha ukurasa niwaonyeshe wenzangu. Chora mstari kwa penseli. Kesho utaona kama bado unataka kuuonyesha.

Hatua ya nne: chagua kitabu cha kurudi nacho

Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka kwa kiburi. Mtu hajasoma miaka mitano, halafu anarudi na kile kitabu cha kurasa 700 ambacho kila mwenye elimu anasema lazima kisomwe. Ni sawa na yule wa plasta kuanza na mlima. Kitabu cha kwanza cha kurudi nacho kisiwe kile unachoona aibu kuwa hujakisoma. Kiwe kile ambacho, kama hakuna mtu anayekutazama, ungekichukua.

Sifa ninazozitafuta mimi ni hizi. Kurasa chini ya 200, herufi zinazoonekana, sura fupi za kurasa tano hadi kumi, na hadithi yenye swali linalokuvuta: nani alifanya, atarudi au harudi, siri itafichuka lini. Hadithi za upelelezi zinadharauliwa na wasomi, lakini kwa kumrudisha mtu kwenye ukurasa hazina mpinzani. Hadithi fupi nazo ni nzuri sana, maana unaanza na kumaliza kitu kizima ndani ya kikao kimoja, na kumaliza kuna ladha ambayo mtu wa skrini ameisahau. Diwani ya mashairi ni ya wale wenye dakika tano tu; shairi moja, mara mbili, basi.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kurudia kitabu ulichokipenda zamani. Wapo wanaoona kurudia ni kupoteza muda. Si kweli. Unapojua hadithi inakokwenda, akili haibebi mzigo wa kufuata nani ni nani, inabaki na nafasi ya kuonja lugha. Pia utakutana na yule uliyekuwa ulipokisoma mara ya kwanza, na wakati mwingine utamcheka.

Lugha ni jambo la kufikiria sana. Soma kwa lugha unayochekea. Wengi tulisomeshwa kwa lugha moja huku tukiishi kwa nyingine, tukabaki na imani kwamba kusoma “kwa maana” ni kwa ile ya darasani. Ukisoma kwa lugha inayokudai utafsiri kichwani, dakika zako nane zinaliwa na tafsiri. Hiyo ni kazi njema, ila ni kazi, na sasa unatafuta mapumziko.

Ukiwa maktaba na hujui pa kuanzia, tazama namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu. Maktaba nyingi hutumia mpango wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa maarifa yote kwa namba kutoka 000 hadi 999. Fasihi iko 800, sayansi 500, jiografia na safari 910, na maisha ya watu 920 (ingawa maktaba nyingi huziweka riwaya na wasifu kwenye rafu zake zenyewe). Mtu asiyejiona wa riwaya aende 910 au 920. Msafiri anayesimulia alivyopotea, au mtu anayeeleza utoto wake, anaweza kukushika mkono kuliko mwandishi yeyote wa kubuni.

Kabla hujakibeba, soma ukurasa wa kwanza, kisha mmoja wa katikati. Usijiulize kama ni kizuri. Jiulize kama mkono ulitaka kufunua unaofuata.

Na kikikuchosha, kiache. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Seattle, ana kanuni inayopendwa: kipe kitabu kurasa 50, zikiisha na hakijakushika, kiweke chini. Kwa aliyevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100. Mtu wa miaka 70 anadaiwa kurasa 30 tu, kwa kuwa muda wake ni wa thamani zaidi. Kwa msomaji anayerudi mimi nashusha zaidi: kurasa 25, uwe na umri wowote. Kitabu ulichokilazimisha kinakaa mezani kama mgeni asiyeondoka, na kwa sababu yake husomi kingine.

Uwe na viwili au vitatu vya uzito tofauti. Kimoja cha akili ikiwa safi, kimoja cha jioni ukiwa hoi. Kuna siku nzito ambazo hata kitabu cha utani ni mzigo, na siku hizo soma kile cha picha nyingi bila kujitetea.

Hatua ya tano: tafuta mlango katika siku yako

“Nitasoma nikipata muda” maana yake hutasoma. Muda haupatikani, unashonwa kwenye kitu ambacho tayari hufanyika kila siku. Baada ya kuoga jioni. Baada ya kuwalaza watoto. Ukishaketi kwenye gari kwenda kazini, ikiwa si wewe dereva. Sema hivyo kwa sentensi moja, kwa sauti: “Nikishamaliza kufunga mlango usiku, nakaa kwenye kiti kile, nasoma.” Kiti kilekile kina nguvu zake. Kitabu kiwe kimeshawekwa pale, kimefunguliwa au kimetiwa alama, ili usianze kwa kukitafuta.

Itachukua muda gani kuwa mazoea? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja mpya. Kiasi cha kati kilikuwa siku 66. Aliyewahi alichukua 18, na aliyechelewa alikadiriwa kufika 254. Ninachokipenda zaidi katika utafiti huo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ukirukwa na Jumanne, Jumatano soma kama kawaida. Usilipe deni kwa kusoma mara mbili.

Asubuhi ni dhahabu kwa anayeweza, dakika kumi kabla simu haijawashwa. Usiku una faida nyingine. Katika jaribio moja lililochapishwa mwishoni mwa 2014, watafiti wa hospitali moja ya Boston waliwasomesha watu 12 jioni, siku kadhaa kwenye kifaa chenye mwanga na siku kadhaa kwenye karatasi. Waliposoma kwenye kifaa walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika kumi, na homoni ya usingizi ilishuka. Ni watu wachache, lakini wanasema kile ambacho wengi wetu tunakijua kwa mito yetu.

Tahadhari moja tu kuhusu kitanda. Ukisoma umelala utasinzia ukurasa wa tatu, halafu utajilaumu. Kitandani si uwanja wa mazoezi. Soma dakika zako ukiwa umekaa. Za kitandani ni bakshishi.

Na beba kitabu. Foleni, chumba cha kusubiri, rafiki anayechelewa: hizi ndizo nyufa ambazo simu ilizijaza zote. Mwaka 1501 mchapishaji wa Venice, Aldus Manutius, alianza kutoa vitabu vya fasihi vya umbo dogo la kubebeka, na msomaji akaweza kutembea na mshairi mkononi. Tumeacha tu kutumia alichotuachia.

Hatua ya sita: ndani ya zile dakika

Usianze pale ulipoishia. Anza ukurasa mmoja nyuma. Huo wa nyuma ni wa kupasha moto, unakurudisha chumbani walimo wale watu wa hadithi kabla hawajaanza kusema jambo jipya.

Ukijikuta unarudia mstari, usijidharau. Tangu karne ya 19 daktari wa macho Mfaransa, Louis Émile Javal, na wenzake walionyesha kwamba jicho halitelezi juu ya mstari. Linaruka, linatua kama robo ya sekunde, linaruka tena. Na hata kwa wasomaji hodari, mruko mmoja kati ya kila saba au kumi hivi hurudi nyuma. Kurudia ni sehemu ya kusoma. Wanaouza mbinu za kusoma kwa kasi wanataka uache, na mimi sioni haraka ya nini; hakuna anayeimba wimbo mbio ili aumalize.

Akili ikigoma kutulia, soma kwa sauti. Nusu ukurasa tu, kwa sauti ya chini. Mdomo, sikio na jicho vikifanya kazi moja, hapabaki mtumishi wa kutumwa mfukoni. Usione ni kitoto. Karne ya nne, huko Milano, Augustino alimkuta askofu Ambrosi akisoma macho yakipita na ulimi umetulia, na kusoma kimya namna hiyo kulimgusa kiasi cha kukuandika. Kwa Kiswahili hasa, lugha iliyozoea kughaniwa, kuna waandishi ambao hutawasikia mpaka uwatamke.

Majina ya wahusika yakikuchanganya, yaandike nyuma ya kile kipande cha karatasi: nani, mtoto wa nani, ana ugomvi na nani. Maelezo ya mandhari yakizidi, ruka. Hakuna mtihani.

Kisha itafika ile dakika. Utahisi mwasho, kitu kama kukumbuka jambo la dharura lisilo na jina. Usipigane nao. Sema “namaliza ukurasa huu”, umalize. Mara nyingi mwasho unapita kabla ya mstari wa mwisho. Usipopita, funga, simama, nyoosha mgongo, kunywa maji, ila usiifuate simu. Unaufundisha mwili kwamba uchovu wa kusoma unatibiwa kwa kupumzika, siyo kwa kioo.

Dakika zikiisha, acha mahali patamu. Katikati ya ugomvi, kabla barua haijafunguliwa. Utakuwa unakiwaza kitabu unapopiga mswaki, na kesho hutahitaji kujilazimisha.

Hatua ya saba: ongeza polepole

Ongeza dakika mbili au tatu kila wiki, tena kama wiki iliyopita ilikwenda bila kukaza meno. Aliyeanza na saba atafika kumi wiki ya pili, na ishirini kama wiki ya sita. Hapo simama. Ukiweza dakika 20 bila kuhema, saa nzima ya Jumapili itakuja yenyewe bila kupangiwa, siku mvua inanyesha na hadithi imeshika moto.

Hesabu ndogo kwa wanaodhani dakika hizo ni mchezo: kurasa kumi kwa siku humaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku 20. Kwa mwaka ni vitabu 18. Lakini usiwahesabie watu. Ukianza kuhesabu, utaanza kuchagua vyembamba.

Vifaa vya kusomea na vitabu vya kusikiliza

Swali hili haliepukiki. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000, uligundua kwamba watu huelewa vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini wanaposoma maandishi ya kuelimisha, hasa wakiwa na haraka. Kwa hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo, kama kitabu unachokitaka kinapatikana kwa njia ya kidijitali tu, kisome bila kujisikia mkosefu. Ubaya wa simu si herufi zake, ni majirani wa herufi hizo. Kisomaji cha wino wa kielektroniki, yaani kifaa cha kusomea vitabu tu, kisicho na ujumbe wala video, kinakaa upande wa kitabu. Simu ikilazimika, iweke kwenye hali ya ndege.

Vitabu vya kusikiliza ni neema ya mtu anayefua, anayetembea, asiyeona vizuri. Vinarudisha hamu ya hadithi. Pumzi ya jicho haviirudishi, basi viwe nyongeza.

Ukianguka

Utaanguka. Safari, msiba, msimu wa kazi nyingi, na unashtuka wiki tano zimepita. Rudi hatua ya pili, upime upya. Usirudi kwenye kitabu ulichokiacha katikati kama hukumbuki tena nani alimuua nani. Chukua kipya, chembamba. Mimi huwa na vitatu vyembamba nilivyovificha kwa ajili ya siku hizo, na sivisomi nikiwa mzima.

Tena chunga lile pengo la kati ya kitabu na kitabu. Umemaliza, umefurahi, unasema nitapumzika siku moja kabla ya kingine, na siku hiyo moja simu inarudi kwenye kiti chako. Kwa hiyo zikibaki kurasa 30 hivi, toa kinachofuata rafuni, soma ukurasa wake wa kwanza tu, ukiweke chini ya hiki unachomalizia, palepale kitini.